Majivu ya Mama Spesi

Wiki iliyopita niliukuta mgagani umelazwa kwenye jokofu la duka kubwa, umefungwa kwa nailoni inayong'aa, na juu yake karatasi ya kijani inayosema kwamba hii ni mboga ya asili, huongeza damu, hulinda macho, hutuliza mwili. Nilicheka peke yangu mpaka kijana wa dukani akaja kuniuliza kama nahitaji msaada. Mgagani! Mboga ile inayonuka kwapa ukiivunja, ambayo tulikuwa tukiing'oa kwa kuogopa fimbo ya mwalimu na kuitupa nyuma ya choo, leo imevishwa nguo na kupewa cheo. Niliinunua hivyo hivyo. Nilipoibandika jikoni, harufu ikajaa nyumba nzima, binti yangu akatoka nje ameziba pua. Mimi nilibaki nimesimama mbele ya sufuria, nina miaka kumi na mmoja, niko Kasingirima, mtaani kwetu Ujiji.

Nyinyi mliokulia Ujiji miaka ile ya wakimbizi hamhitaji kuelezwa. Mnakumbuka maboti yakija yamejaa hadi maji yanalamba ukingo, na watu wakishuka na magodoro, mbuzi, sufuria, na mmoja ameshika kichwa cha cherehani kama amebeba mtoto mchanga. Tulikimbilia ufukweni kuwatazama. Hatukukimbilia kuwapokea. Sisi tulijiona watu wa mjini tangu enzi za misafara. Babu zetu waliuza, walinunua na walisali, kulima waliwaachia Waha wa milimani. Walipokuja wakimbizi tukapata watu wa kuwadharau walio chini hata ya wakulima, na nadhani tulishukuru kimoyomoyo.

Ndipo ukaja mradi. Shirika lililouleta silikumbuki jina, na sijisumbui kulitafuta. Nakumbuka ubao. Uliandikwa "Bustani ya Jamii kwa Elimu, Afya na Ustawi", na ulikuwa mrefu kuliko tuta lolote la bustani yenyewe. Ulisimikwa kwenye kiwanja cha chini ya shule yetu, pale kinapoteremkia ziwani, na sisi watoto tulipangwa mbele yake tukapigwa picha tumeshika majembe mapya. Baada ya picha majembe yakafungiwa stoo, maana yalikuwa mali ya mradi.

Ikaundwa kamati, na mwenyekiti akawa Baba Mkubwa, kaka yake baba yangu. Baba Mkubwa aliuza vitenge sokoni, alivaa kanzu nyeupe mpaka siku za kazi, na sikuwahi kumwona akiinama ila kwenye sala. Lakini alikuwa na sauti. Debe tupu haliachi kuvuma, na lile la kwetu lilivuma kwenye kila kikao. Alirudi kutoka semina ya siku tatu akiwa mtaalamu wa udongo. Alitueleza sisi watoto, tukiwa tumesimama juani, kwamba ukulima wa kienyeji ni uchafu: marufuku samadi, marufuku majivu, marufuku kuchanganya mboga. Kitapandwa kitu kimoja, kabichi, na itapuliziwa dawa ya chupa itakayoletwa na shirika. Dawa hiyo haikuletwa hata siku moja.

Kwa nini kabichi, mpaka leo sijui. Watoto wa mtaa ule walikuwa na upungufu wa damu, macho yao yamepauka kwa homa, kamati ikatupandia maji yaliyofungwa majani. Nahisi ni kwa sababu kabichi hupendeza kwenye picha, ni ya duara na inakaa kimya. Kila Ijumaa tulifundishwa wimbo wa kunawa mikono, tukaimba tukizunguka beseni lisilo na maji.

Kazi ya kumwagilia ilihitaji mtu wa kweli, na mtu huyo alikuwa Mama Spesi. Alitoka Rumonge, kaskazini mwa ziwa kule Burundi, yeye na binti yake Spesi tuliyesoma naye darasa moja. Alikuwa mwanamke mrefu, mweusi, mwenye miguu mikubwa ambayo sisi tuliicheka. Siku alipokuja kuomba kazi mbele ya kamati mimi nilikuwepo, nimetumwa kupeleka soda za wajumbe.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," alisema Baba Mkubwa, na wajumbe wakacheka. "Wewe una muda gani hapa Ujiji?"

"Miezi minne, mzee."

"Basi jembe lako limechelewa."

"Ego, ndiyo, mzee. Nipeni tu."

"Lakini mshahara hakuna. Mradi wetu huu ni wa kujitolea." Alisema hayo akiifuta midomo kwa leso, chupa ya soda mkononi.

"Na magugu mutanipa?" aliuliza Mama Spesi.

"Magugu?"

"Yale munayotupa. Isogi, lenga-lenga. Nitayachuma mimi mwenyewe."

Mjumbe mmoja alicheka mpaka soda ikamtokea puani. Isogi ndiyo mgagani kwa lugha yake, na lenga-lenga ndiyo mchicha wa mwituni, ule unaojiotea tu. "Chukua, mama," alisema Baba Mkubwa. "Chukua yote, na Mungu akuzidishie." Ndivyo mkimbizi alivyoajiriwa kwa malipo ya magugu. Jioni nyumbani tuliirudia hadithi hiyo juu ya sinia la ugali na migebuka, nami ndiye niliyeigiza sauti yake.

Alichokitaka zaidi, hata hivyo, kilikuwa barua. Wakimbizi walitakiwa wakae kambini, mbali na mji, na mgambo walikuwa wakipita mitaani kuwakusanya. Mwenyekiti alimwandikia barua yenye muhuri kwamba ni mtumishi wa bustani, na kila mwezi alilazimika kurudi kuomba nyingine. Spesi ndiye aliyeniambia sababu, siku moja tukifagia uwanja. Siku waliyokimbia, baba yake aliwasukumia botini akabaki kumtafuta mdogo wake. Alisema jambo moja tu: mningoje Ujiji, karibu na maji, nitawakuta hapo. Kwa hiyo mama yake hakutaka kwenda popote. Kila alasiri akimaliza kumwagilia aliteremka ufukweni na ndoo yake tupu, akatazama nyuso za wanaoshuka, kisha akapanda kurudi. Tulimwona kila siku. Tulidhani anaomba dagaa.

Sasa sikilizeni kichekesho. Watoto wa mradi tulipimwa uzito kila mwezi, na aliyenawiri kuliko wote alikuwa Spesi. Ngozi inang'aa, mashavu yamejaa, macho meupe. Mzungu wa shirika alimpiga picha peke yake, ikabandikwa ofisini na maneno ya kuisifu kabichi. Kabichi yenyewe ilikuwa bado ukubwa wa ngumi, haijaliwa na mtu. Spesi alikuwa akila mgagani wa kuchemshwa na mawese na dagaa, asubuhi na jioni, malipo ya mama yake. Hilo halikuandikwa popote, na sidhani kuna aliyeuliza.

Halafu wageni wakubwa wakatangazwa. Ngonjera ikatungwa, na mwalimu wa Kiswahili akamchagua Spesi awe msemaji wa kwanza, kwa sababu sauti yake ilijaa uwanja bila kupiga kelele. Nafasi hiyo nilikuwa nimejipa mimi. Nilikuwa mtoto wa nyumba ya mwenyekiti. Mama alikuwa ameshanipelekea kitambaa kwa fundi. Nilirudi nyumbani sikula. Nilimchukia Spesi kwa bidii, chuki safi ya mtoto, na nilimtafutia kosa kila alipopita, nikakosa.

Wiki hiyo hiyo wadudu wakaivamia kabichi. Walikuwa wadogo, wa kijivu, wamejazana chini ya majani kama unga, na majani yakaanza kujikunja na kunata. Kamati ilikaa vikao viwili. Cha kwanza kiliunda kamati ndogo, cha pili kiliisikiliza.

Siku yangu ya zamu ya kufagia nilifika shuleni mapema, jua halijapanda vizuri. Nilipofika kwenye lango la miti la bustani nikamwona Mama Spesi yuko katikati ya matuta, ameshika kopo la maziwa ya unga. Anachota kitu cheupe kwa vidole, ananyunyizia kila kabichi, juu na chini ya majani, na huku ananong'ona kwa lugha yake. Hakuwa anaimba. Alinong'ona kwa ukali, kama mtu anayetoa amri. Anahama kabichi moja hadi nyingine, halafu ananong'ona tena.

Mimi ni mtoto wa duka. Sikuwahi kuona mboga ikiwa shambani kabla ya mradi ule, mboga kwangu ilizaliwa sokoni ikiwa fungu. Na Ujiji tulilelewa na hofu ya uchawi kama wengine wanavyolelewa na hofu ya mbwa. Nilichokiona kilikuwa na jina tayari. Niliganda pale langoni, kisha nikakimbia. Nataka niseme kwamba nilikimbia kwa woga tu. Lakini nakumbuka vizuri kwamba kabla sijafika dukani kwa Baba Mkubwa nilikuwa nimeshajiona nimesimama mbele ya wageni, nimevaa gauni langu jipya, natoa ubeti wa kwanza.

"Anaziroga kabichi," nilimwambia. "Ana unga mweupe na anasema maneno."

Baba Mkubwa aliacha kukunja vitenge. Alinitazama kwa muda. Sikuelewa wakati ule alichokuwa anakifikiri, nilidhani amestuka. "Unga wa rangi gani?" aliuliza.

"Mweupe. Kama kijivu hivi."

"Kwenye kopo?"

"Ndiyo, Baba Mkubwa."

Akatabasamu. Akanipa andazi, akanisifu kwamba mimi ni mtoto mwerevu.

Kikao kilifanyika alasiri, mlango wazi, na nusu ya mtaa dirishani. Mama Spesi alisimamishwa mbele ya meza, kopo lake limewekwa juu kama kidhibiti.

"Hiki ni nini?" aliuliza Baba Mkubwa.

"Ni majivu, mzee."

"Majivu ya nini?"

"Ya jikoni. Ya kuni. Wale wadudu hawayapendi. Kwetu wote tunafanya hivyo, na hapa pia nimeona huko juu milimani."

"Na maneno uliyokuwa unasema?"

Mama Spesi akainamisha uso, nikaona aibu imemshika. "Nilikuwa nawatukana, mzee."

"Unamtukana nani?"

"Wadudu."

Dirishani watu wakacheka, na kwa dakika moja nilidhani mambo yataishia hapo. Lakini Baba Mkubwa alipiga meza. Akasema mradi umehujumiwa. Akasema kabichi zilikuwa nzima mpaka mtu huyu alipoanza kuzigusa, na kwamba wageni watakapouliza zimekuwaje, lazima kamati iwe na jibu. Jibu hilo ndilo hili limesimama hapa. Mama Spesi akachukua kopo, akatia vidole, akayalamba majivu mbele yetu sote. Yalimbaki mdomoni, meupe.

"Onja, mzee. Ni majivu tu. Usininyime barua, baba. Mume wangu atakuja hapa. Nitakuwa wapi akija?"

Hakuna aliyeonja. Barua haikuandikwa. Katibu alitumwa kuwaarifu mgambo.

Jioni nilimsimulia bibi yangu mzaa baba, nikiwa bado na joto la ushindi. Bibi alikuwa Mha wa Kasulu aliyeolewa Ujiji akiwa msichana, jambo ambalo nyumbani kwetu halikutajwa mbele ya wageni. Alikuwa amekaa jikoni akichambua mchele. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Yoo," alisema. "Majivu! Hata mimi nimekuza maharage na majivu. Baba yako Mkubwa huyo huyo ndiye alikuwa ananibebea kopo, nikimpeleka kwa mama yangu milimani. Mdogo hivi, analia yanamwingia machoni."

"Baba Mkubwa anajua majivu?"

"Atayasahauje? Alishayala mpaka akaugua tumbo."

Nilisubiri ainuke, ajitande kanga, aende kwa mwanawe akaseme. Bibi alimaliza kuchambua mchele, akapuliza makapi, akaniomba nimwekee chai. Nasi hatukulizungumza tena jambo hilo mpaka alipokufa.

Wageni walikuja baada ya siku nne. Kabichi za bustani zilikuwa zimekwisha, zimebaki vikonyo. Baba Mkubwa akafanya alichokijua, yaani biashara: alfajiri gari dogo likaja na magunia ya kabichi kutoka kwa wakulima wa milimani, wale wale wachafu, na wajumbe wakazichomeka ardhini moja moja, zikanyunyiziwa maji zing'ae. Mimi nilitoa ubeti wa kwanza wa ngonjera, gauni linanibana kwapani. Mgeni mmoja, mzee mwenye kofia pana, aliinama kuvuna kabichi ili apigwe picha. Ikang'oka bila kuvutwa. Kitako chake kilikuwa kimekatwa kwa kisu, kimenyooka kama meza. Aliigeuza, akaitazama, akasema kwa Kiswahili chake cha kujifunza, "Safi sana. Haina hata udongo." Tukapiga makofi. Mpaka leo nikisikia mtu anatamka neno ustawi mbele ya watu, naiona ile kabichi isiyo na mizizi, na nina hakika wote walioshika vipaza sauti siku ile walistahiki kuila mbichi.

Mradi ulikufa kabla ya mvua. Ubao ulibaki, mbuzi wakajikunia mgongo. Mvua iliponyesha mgagani ukaota kiwanja kizima, hadi magotini, na mwalimu mkuu akatutoa na fimbo tukaung'oe.

Lakini kuna jambo nimeliruka makusudi, nikiwacheka wengine kwa sababu ni kazi rahisi. Ni la asubuhi ile ya lori, siku moja baada ya kikao na siku tatu kabla ya wageni.

Lori la kwenda kambini liliegeshwa karibu na soko, na mimi nilikuwa nimetumwa mafuta ya mawese. Nilitaka kupita upande wa pili. Spesi alikuwa tayari juu, kati ya magodoro, akaniona, akageuza uso akatazama ziwa. Yeye alijua. Mama yake alikuwa bado chini. Alinipungia mkono kwa furaha, kweli kwa furaha, kama mtu aliyepoteza kitu akakiona.

"Mwana wanje, mwanangu! Njoo, njoo upesi." Akatoa kopo kwenye furushi lake, lile lile la maziwa ya unga, akanishikisha kwa mikono miwili. "Nilikuona jana asubuhi, umesimama kwenye mlango wa bustani. Ukanitazama muda mrefu. Nikasema moyoni, huyu anataka kujifunza. Nikataka kukuita, ukakimbia."

Nikarudi nyuma hatua moja, kopo mikononi.

"Usiogope, siyo kazi ngumu. Asubuhi, umande ukiwa bado. Chini ya majani, siyo juu tu, huko chini ndiko wanajificha. Haya yanatosha mara mbili. Ukifanya leo na kesho, zitapona, nyingine zitapona. Halafu labda mzee ataona yalikuwa majivu tu, ataniandikia." Mgambo alimwita. "Na ukiteremka majini," alisema akiwa amekanyaga tairi kupanda, "ukimwona mwanaume anauliza, umwambie tumepelekwa kambini. Anaitwa Baba Spesi tu. Utamjua, atakuwa anauliza."

Lori likaondoka. Kama mwanaume yule alikuja, sijui. Mwaka ule wote sikuteremka ufukweni.

Nilisimama na kopo. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, majivu yamechungwa vizuri, laini, hayana hata kipande cha mkaa. Bustani ilikuwa mwendo wa dakika kumi na umande ulikuwa haujakauka. Sikuogopa uchawi, bibi alikwishaniambia jana yake ni nini, na tena nilimwona mwenyewe akiyala. Niliogopa kabichi zisije zikapona.

Nikayamwaga mtaroni nyuma ya soko, nikaligonga kopo kwa chini mpaka yakatoka yote. Kisha nikalisuuza nikarudi nalo nyumbani, maana lilikuwa bado zima, na mama akalitumia miaka mingi kupimia mchele.